Nani anaishi kwa Simba?

Binti yangu alikuwa na miaka sita tulipokwenda Mombasa likizo ya Agosti. Siku ya tatu alinijia mbio kutoka uani kwa nyanya yake, macho yamemtoka. "Baba, unajua simba ni jina la mnyama?"

Kumbe miaka yote hiyo, mtoto aliyezaliwa na kukulia Lille, alidhani Simba, yule wa katuni ya Disney, The Lion King, ni jina la mtu, kama Hamisi au Pierre. Nyanya yake alikuwa akimsimulia ile hadithi ya sungura anayemhadaa simba mpaka anajitosa kisimani kupigana na kivuli chake mwenyewe, na mtoto alikaa akingoja Simba aanze kuimba. Simba hakuimba, alizama. Palikuwa na kilio hapo.

Tulipotulia tukaanza kuyapitia majina mengine ya katuni ile. Rafiki ni rafiki. Pumbaa ni kupumbaa. Sarabi ni sarabi, yale maji ya uongo unayoyaona barabarani jua likiwa kali. Kovu, wa ile filamu ya pili, ni kovu, kwa hivyo yule mfalme mwovu anayeitwa Scar, yaani kovu kwa Kiingereza, alichagua mrithi mwenye jina lake mwenyewe kwa Kiswahili. Tulipofika kwa fisi Shenzi, mamangu aliinua kichwa kutoka kwenye ungo wa mchele. Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na bei yake, na malipo yalikuwa kofi. "Hilo ndilo jina la kuwafunza watoto?" akauliza, na sikuwa na jibu.

Nayasimulia haya kwa sababu tangu tarehe 10 Agosti 2024 nina jambo linalonikera na kunifurahisha kwa pamoja. Siku hiyo, katika mkutano wa mashabiki wa Disney kule Anaheim, California, walitangaza kwamba bustani ya pili ya Disneyland Paris itajengewa eneo zima la filamu ya The Lion King, ya mwaka 1994. Litakuwa na mwamba mkubwa wa Simba, na mchezo wa kupanda chombo kinachoelea na kuporomoka majini. Yaani kwa treni ya saa moja kutoka Lille hadi Marne-la-Vallée, wanangu watafika mahali ambapo kila jina la pili ni neno la nyanya yao.

Mimi ni mpenzi wa bustani hizi, nakiri, na mke wangu anaijua aibu hii. Nina kadi ya mwaka. Huenda asubuhi bila watoto, nikanunua kahawa, nikakaa kutazama jinsi walivyopaka mawe rangi. Mtu wa aina yangu akisikia tangazo kama lile hulala akitazama michoro. Lakini wapenzi wa bustani hii ya pili tuna historia, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ilifunguliwa tarehe 16 Machi 2002, ikaitwa Walt Disney Studios. Wazo lilikuwa kwamba unatembelea viwanja vya kutengenezea filamu, na wazo hilo lilikuwa na faida kubwa kwa mhasibu, maana kiwanja cha filamu ni maghala. Ukijenga ghala lisilo na pambo ukalibandika namba, hakuna wa kukulaumu. Michezo ilihesabika kwa vidole. Ile bustani ya kwanza, ya 1992, yenye kasri la waridi na joka lililolala chini yake, ipo hatua chache tu ng'ambo ya uwanja, kwa hivyo kila mtu alipata kulinganisha siku hiyohiyo kwa miguu yake mwenyewe. Tangu hapo imekuwa ni kuweka viraka. Mnara wa lifti inayoanguka, mtaa wa wanasesere mwaka 2010, mwaka 2014 jiko la panya mpishi. Hilo jiko la panya, wallahi, ni kazi nzuri. Kile kiwanja kidogo cha Paris walichokijenga nje yake kina madirisha na mapaa yanayokufanya usahau kwamba Paris yenyewe iko nusu saa tu kwa treni.

Kisha Februari 2018 Bob Iger, mkuu wa Disney wakati huo, alisimama na Rais Macron akatangaza euro bilioni 2. Maeneo matatu mapya, ya mashujaa wa Marvel, ya Frozen na ya Star Wars, yakizunguka ziwa. Michoro ilitoka. Mimi niliichapisha, naona haya kusema, nikaibandika jikoni.

Eneo la Marvel lilifunguliwa Julai 2022. La Frozen likatangaziwa tarehe ya 29 Machi 2026, pamoja na jina jipya la bustani nzima, Disney Adventure World. La Star Wars lilififia kimyakimya. Hapakutolewa tanzia, kila mchoro mpya ulipotoka, pale mahali pake palikuwa na miti. Ndipo akaja Simba. Kwa hivyo mpenzi wa bustani akikuambia "nitaamini nikiona saruji", usimwone mchungu. Ameshawahi kupenda mchoro.

Kuna lalamiko moja la mashabiki nisiloliunga mkono, nalo ni kwamba haifai kuwaweka Elsa, malkia wa barafu wa katuni ya Frozen, na Simba katika bustani moja, kando ya ziwa moja. Barafu na mbuga, wanasema, ni ujinga wa ramani. Mwenye kusema hivyo hajasimama Amboseli asubuhi kabla mawingu hayajapanda, ndovu wakiwa mbele yake na theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikining'inia juu ya migongo yao. Theluji na simba ni majirani wa siku nyingi. Wakiniuliza, ningewashauri waelekeze njia ya kutoka kwa Simba ili mtu aone mlima wa Elsa kwa mbali, kisha wanyamaze.

Lalamiko la mvua nalielewa zaidi. Disneyland Paris haijawahi kuwa na mchezo wa kuporomoka majini wa namna ile iliyokuwa California, Florida na Tokyo, na sababu ni hali ya hewa, ambayo yeyote aliyesimama foleni pale mwezi wa Februari anaifahamu mpaka kwenye mifupa. Nani atalipa alowe maji nyuzijoto zikiwa nne? Mwanangu wa kiume, ana miaka mitano, anasema yeye. Sina wasiwasi naye. Wasiwasi wangu ni kwamba mchezo wa maji hufungwa majira ya baridi kwa matengenezo, na eneo lenye mchezo mmoja mkubwa likifungiwa mchezo huo linabaki duka lenye mawe.

Lakini swali langu mimi ni jingine, na nimeshangaa kwa nini silisikii kwa wengine. Kwa Simba, nani anaishi?

Fikiria. Ile filamu haina binadamu hata mmoja. Hakuna kijiji, hakuna moshi wa jikoni kwa mbali, hakuna mchungaji, hakuna hata unyayo. Kwenye filamu ya katuni hilo si tatizo, wanyama wenyewe ndio watu. Ila ukiigeuza kuwa mahali pa kutembea, mambo yanabadilika, kwa sababu mgeni anahitaji choo. Anahitaji paa la kujikinga mvua, benchi, duka, mahali pa kununua chipsi. Kila kimojawapo ni jengo, na jengo ni lazima liwe limejengwa na mtu mwenye desturi yake, mwenye namna yake ya kuezeka na kupaka rangi. Mji wa Elsa una watu wake, wana nyumba za mbao na kanisa. Kwa Simba kuna mwamba, nyasi na majina. Majina yenyewe ni ya watu fulani, lugha ni ya watu fulani, na watu hao hawamo.

Wasanifu wa bustani hizi wanalijua tatizo hili vizuri kuliko mimi, na wameshalitatua mara moja. Nimeiona hiyo dawa kwa macho yangu.

Mwaka 2018 mke wangu alikuwa na mkutano wa kazi Orlando, nami nikamfuata kwa visingizio. Siku aliyokuwa ukumbini nilikwenda Animal Kingdom, bustani ya Disney iliyofunguliwa Aprili 1998, iliyobuniwa na timu ya msanifu Joe Rohde. Ndani yake kuna mji unaoitwa Harambe, bandari ya kubuni kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na kielelezo chake kikubwa kilikuwa Lamu. Nilikuwa nimesoma hayo. Mamangu ni wa Lamu, kwa hivyo niliingia kama mkaguzi.

Niliondoka kichwa kimevurugika. Kuta zimechubuliwa makusudi, plasta imebanduka ikaonyesha mawe chini yake, na ule weupe uliokwisha kuwa kijivu ni weupe ninaoujua. Matangazo yamepakwa kwa mkono ukutani. Pana maandishi "Uhuru 1961", mwaka wa Tanganyika, kwenye mji wenye sura ya Kenya na jina la kutoka kaulimbiu ya Kenya, kana kwamba mtu alichukua Afrika Mashariki nzima akaikoroga kwa mwiko. Barabarani wamemwaga saruji wakaipiga mihuri ya matairi na kuipaka rangi ya tope, ili uone kwamba lori limepita msimu wa mvua. Nilichuchumaa kulishika lile tope kavu. Mama mmoja Mmarekani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Na jina! Harambee ina e mbili. Waliibakisha moja, na kila kibao kinasema Harambe. Nilisimama chini ya kibao kimoja nikasikia hasira ya mwalimu wa darasa la tatu. Kisha nikakumbuka vibao vya Mombasa ninavyovijua, "Hoteli ya Amni", "Fundi Baskili hapa", nikajiambia pengine hiyo e iliyopotea ndiyo kitu cha kweli kuliko vyote.

Sikuona punda. Lamu bila punda ni kitu gani? Wala harufu haikuwepo, ya samaki, ya mitaro, ya viluwa jioni. Ila kulikuwa na jambo ambalo mchoro wa Simba haujanionyesha: mji ule umejengwa kwa kudhani kwamba watu wanaishi humo. Kuna dirisha la juu lenye kitambaa kilichoanikwa. Kuna ofisi ya mtu anayeuza safari. Malori yanayokupeleka kuwaona simba halisi na twiga halisi, kwenye ekari 110 zilizopandwa nyasi na mibuyu ambayo mingi ni ya saruji, yanaanzia mjini, kama vile mtu anavyoanzia Arusha au Nairobi. Wanyama wana majirani. Mwaka 2014 walipopanua mji ule, walipeleka humo hata ukumbi wa onyesho la Simba, na hadithi waliyoipa ni kwamba wenyeji wa Harambe ndio wanaofanya tamasha hilo. Katuni ikawa kitu ambacho watu wa mji wanakisimulia. Mimi hilo naliona ni werevu mkubwa. Sikulala usiku ule nikimweleza mke wangu, naye alikuwa na mkutano saa mbili asubuhi.

Kwa hivyo nikitazama michoro ya Paris, naona mwamba mzuri unaochomoza, maji, kijani kibichi, machweo ya rangi ya embe. Nahesabu wageni waliochorwa. Natafuta ukuta mmoja uliopakwa na mkono wa mtu wa huko wanakotaka tuamini tumefika. Pengine upo na michoro ni midogo. Pengine wataamua kwamba kila kitu kiwe jiwe na mzizi, choo kiwe pango, duka liwe shina la mbuyu, na hapo watakuwa waaminifu kwa filamu kabisa. Ila tutakuwa tumepata Afrika ya pili isiyo na Waafrika, karibu na mji wa Elsa wenye kila kitu mpaka saa ya mnara. Watoto wangu watauona huo utofauti bila kuambiwa.

Jirani yetu hapa Lille, mama wa Bukavu, tulibishana naye jambo hili mezani. Yeye hataki watu wawemo. "Wakiweka watu, wataweka vibanda vya nyasi na mikuki," alisema. "Acha wanyama peke yao. Simba hana aibu ya kuchorwa vibaya." Nilimtajia Harambe. Akasema Harambe walimtuma mtu akatembea, akatazama, na je, Paris wametuma nani? Waliochora filamu walikwenda Kenya mwaka 1991, hilo linajulikana, na waongoza watalii wa Hell's Gate pale Naivasha hadi leo watakuonyesha korongo na kukuapia kwamba ndilo lile. Waliokwenda wakati huo waliona miamba, wakarudi na miamba. Mama wa Bukavu alinishinda kidogo hapo, sitaki kudanganya.

Tukageukia lugha, na hapo tukawa upande mmoja. Ule wimbo wa mwanzo, jua linapochomoza, si Kiswahili, ni Kizulu, na sauti ni ya Lebo M wa Afrika Kusini. Majina ni ya kwetu, mengi yake. Nala na Mufasa tovuti za majina ya watoto zinadai ni Kiswahili, na kila mwaka kuna Mzungu ananiuliza maana zake. Namwambia nyanya yangu hakuyajua. Kisha kuna yale maneno mawili, hakuna matata, ambayo Mombasa anayekuambia huwa ana kinyago cha kukuuzia. Mimi na wenzangu tulikua tukisema hakuna taabu, au hamna shida. Disney iliyasajili Marekani mwaka 2003 kama alama ya biashara ya nguo, na mwaka 2018 yakazuka malalamiko makubwa, makumi ya maelfu ya watu wakatia sahihi. Wanasheria walieleza kwa subira kwamba alama ya biashara kwenye fulana haimzuii mtu yeyote kulisema neno lake. Nililielewa hilo kichwani. Tumboni halikufika.

Pale Paris neno hilo limeshakaa mlangoni siku nyingi, kuna mkahawa wa jina hilo kwenye bustani ya kwanza. Na tangu 2019 kuna onyesho la Simba lenye waimbaji wa kutisha kwa uzuri, ila linachezwa katika ukumbi wa mtaa wa wachunga ng'ombe wa Kimarekani. Unatoka kumlilia Mufasa unakutana na gurudumu la gari la farasi. Kwa sababu hiyo peke yake nataka eneo hili lijengwe. Simba amepanga chumba kwa watu muda mrefu mno.

Basi matumaini yangu ni madogo na ya kipuuzi, na yote ni ya mambo ambayo hayamo kwenye taarifa za wanahabari. Nataka kibao kimoja cha Kiswahili chenye sentensi nzima, yenye kitenzi, kilichosomwa kwanza na mtu anayeota kwa Kiswahili. Tazama mguu wako, maji yanateleza. Hata hivyo tu. Nataka kwenye foleni, ambayo itakuwa ya dakika tisini tukipenda tusipende, wasikike watu wakizungumza kwa mbali nyuma ya mawe, kama unavyosikia sauti za wapiga soga ukipita uchochoroni usiku. Nataka mahamri na mbaazi, asubuhi, yenye iliki inayostahili. Watatuuzia baga yenye umbo la unyayo. Najua.

Walisema ujenzi ungeanza vuli ya 2025. Binti yangu sasa ana miaka tisa na ameshapiga hesabu kwamba watakapofungua atakuwa amekuwa mkubwa wa kuona haya kupigwa picha na Pumbaa. Ndugu yake anasema nafasi yake ataichukua yeye.

Juzi nilimpigia mamangu simu, nikamweleza yote: mwamba, maji, mtumbwi unaoporomoka, majina. Alisikiliza akipepeta kitu, nilisikia ungo.

"Na wenyewe wako wapi?" akauliza.

"Wenyewe gani?"

"Wenye maneno."

Nikamwambia ndilo ninaloliuliza mimi. Akaniuliza kiingilio, nikamtajia, nikambadilishia kwa shilingi kwa kosa. Ungo ukanyamaza.

"Pesa yote hiyo kumwona simba wa saruji."

"Ndiyo, mama."

"Na huko kwenu mvua inanyesha?"

"Karibu kila siku."

"Basi mkienda, mchukulie mtoto sweta," akasema, na ungo ukaendelea.